Siku Nilipolisugua Gari la Wakwe kwa Mchanga wa Sufuria

Naomba nianze kwa kukiri, kwa sababu najua wengine wenu mmeshasikia vipande vya habari hii kutoka kwa watu wasionitakia mema: ni kweli, ni mimi. Mimi ndiye Dotto aliyeharibu gari la wakwe wa dada yake siku walipokuja kujitambulisha nyumbani kwetu Kirumba, na habari ya samli ni kweli, na ya kuku ni kweli. Waliyoongeza ni kwamba nilizimia. Sikuzimia, nilikaa chini ghafla tu.

Kulwa na mimi ni mapacha, ila hatufanani sura wala roho. Yeye alitangulia kuzaliwa na tangu hapo hajawahi kuwa na haraka na jambo lolote, mimi nikafuata nyuma na wasiwasi wangu. Mimi nikiona pazia limekaa upande siwezi kula. Shule niliishia darasa la saba, lakini kila ninachojua nimejifunza mwenyewe kwa kutazama na kurudia: kushona nilijifunza kwa kulifumua gauni la mama na kulishona upya (mkono mmoja ulibaki mfupi, mama alilivaa hivyo hivyo kanisani kwa upendo), na keki ya mkaa nilijifunza kwa kuunguza keki tisa. Sifa yangu kubwa ilikuwa sufuria. Nilikuwa na mchanga wangu maalumu, mweupe, niliouchota ziwani kati ya yale mawe makubwa, nikauchekecha mara mbili kwa kipande cha khanga, nikauhifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Nikisugua sufuria kwa mchanga ule na kipande cha gunia, nikaianika kwenye kichanja, majirani walikuwa wanakuja kutazama meno yao humo. Mama Sele wa nyumba ya pili aliwahi kusema, "Huyu mtoto akiolewa, mume atakuwa ananyolea ndevu kwenye sufuria." Nililala na maneno hayo wiki nzima.

Basi Kulwa akapata mchumba. Deo, kijana wa Kihaya mpole, alikuja Mwanza kufanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara (miaka ile ya tisini viwanda hivyo ndiyo kwanza vilikuwa vinafunguliwa, na kijana mwenye koti jeupe na buti za mpira alionekana kama daktari). Walipendana kweli, hata mimi niliyezoea kutafuta kasoro sikuona. Tatizo lilikuwa shangazi yake Deo. Huyo shangazi alikuwa ameshamwona binti mwingine huko kwao Bukoba, binti wa jirani, na alikubali kuja Mwanza kwa shingo upande. Deo alimwambia Kulwa wazi: shangazi ndiye anayesikilizwa, akirudi na sababu moja tu ya kukataa, mambo yamekwisha.

Kulwa akanishika mabega usiku wa kuamkia siku yenyewe. "Sababu moja tu, Dotto. Nakujua. Usimpe."

Nikamwambia atulie, kila kitu kitang'aa.

Wageni walifika Jumamosi saa tatu asubuhi, wanne, ndani ya gari moja. Aliyeliendesha alikuwa baba mkubwa wa Deo, mwalimu mkuu mstaafu, mzee mrefu mwenye koti na kalamu mbili mfukoni, wenyewe walikuwa wanamwita Ta Kyaruzi, maana Wahaya mtu mzima wanamwita Ta kwa heshima. Pembeni yake shangazi, mnene, mtulivu, macho yanazunguka kama mkaguzi. Nyuma wazee wawili ambao mpaka leo sijui sauti zao. Na gari lenyewe! Mnakumbuka kipindi kile magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuingia, mtu akilipata hatoi hata ile stika ya Kijapani kwenye kioo, maana ndiyo cheti cha kuzaliwa. Hili lilikuwa bluu iliyoiva, karibu na nyeusi. Ila siku hiyo bluu ilibidi uitafute. Walikuwa wametoka Bukoba kwa barabara, Biharamulo, Geita, wakavuka kwa pantoni, wakatokea Usagara, na barabara yote hiyo ya vumbi jekundu ilikuwa imepanda juu ya gari ikakaa. Mbele, kwenye taa na boneti, wadudu wa ziwani walikuwa wameganda kama ugoro.

Wakakaribishwa ndani. Kulwa alikuwa amefichwa chumbani kwa mama, maana mwali haonekani mpaka aitwe. Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa wetu sisi, kaka yake marehemu baba, aliyekuja kutoka kijijini Misungwi na kibuyu cha samli kama zawadi ya kuwapa wageni. Alianza kazi yake kwa furaha. Kwa desturi upande wa mwanamke unawatoza wageni faini kwa kila kosa, na baba mkubwa alikuwa hodari wa kuyaona makosa: mmechelewa dakika tano, faini kreti la soda, mmekaa kabla ya kuambiwa kaeni, faini, mzee mmoja amekohoa mwenyeji akiongea, faini. Ta Kyaruzi alikuwa anaziandika zote kwenye kitabu kidogo kwa kalamu kama anasahihisha mitihani, anatabasamu kidogo.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka chai na kumsaidia mama jikoni. Nikapeleka chai. Nikatoka. Nikaliona lile gari.

Jamani, kwetu mgeni akilala, asubuhi anakuta viatu vyake vimepigwa kiwi. Hatuulizi. Mgeni haondoki na vumbi alilokuja nalo. Sasa nikawaza, hawa hawalali, wataondoka leo leo, mtaa mzima uko barazani unatazama, na viatu vyao ni hivi hapa, vina magurudumu manne. Nikasema nitafuta kioo cha mbele tu. (Hicho ndicho kilikuwa kitendo changu cha mwisho cha akili siku ile.) Nikachukua kitambaa kikavu nikafuta kioo, kikawa safi, na kioo kilipokuwa safi boneti ikaonekana chafu maradufu. Nikafuta boneti kidogo. Vumbi likageuka michirizi. Nikaleta ndoo moja ya maji na sabuni ya unga, nikachovya, nikasugua, nikachovya, baada ya muda mfupi maji ya ndoo yalikuwa uji wa ulezi nami naendelea kuusambaza. Na wale wadudu wamekataa kutoka. Nilitumia kucha. Nilitumia dodoki. Wapi.

Nikasimama nikafikiri kama mtaalamu: kitu gani katika nyumba hii kinatoa kilichoganda? Nikaenda kuchukua kopo langu.

Nilianza kwa hofu, kona moja, mzunguko mdogo mdogo kama ninavyofanya kwenye kitako cha sufuria. Wadudu wakatoka! Nikamwaga maji, bluu ikaruka machoni, nikajiona humo na kilemba changu. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Basi nikafanya boneti yote, nikafanya milango, nikafanya paa nikiwa juu ya kigoda, kwa duara zinazolingana, kwa sababu mimi kazi nusu siijui. Mama Sele akapiga kelele kutoka barazani kwake, "Dotto! Hilo gari linaoga au linatahiriwa?" Nikamjibu kwa kicheko cha mtu anayejua kazi yake.

Nikalisuuza. Liling'aa hata mbuzi wa jirani alisimama kujitazama. Nikaingia ndani kupeleka karanga, nikawaona wageni, nikasema moyoni ninyi subirini tu.

Nilipotoka, jua lilikuwa limepanda na gari limeanza kukauka.

Sijui niwaelezeje. Ilianza kwenye paa. Ukungu mweupe. Nikadhani sabuni imebaki, nikapitisha kidole, kidole kikatoka kisafi. Kisha boneti, polepole, kama picha inavyojitokeza kwa mpiga picha, zikaja duara. Duara zangu. Moja moja, zimelingana vizuri, mia na mia nyingine, gari zima likawa kama limechorwa na mtoto kwa chaki. Ndiyo hapo nilipokaa chini ghafla.

Nikainuka nikalimwagia maji. Duara zikapotea! Bluu ikarudi. Nikashusha pumzi. Likakauka, zikarudi. Nikamwagia, zikapotea. Mnaelewa nilichoamua? Niliamua kwamba gari lile litakaa limelowa mpaka wageni waondoke, wakigundua wagundulie Geita huko, Kulwa ameshakubaliwa.

Kwa hiyo saa nzima ile nilikuwa nakimbia. Peleka soda, toka, ndoo. Peleka viti vya akiba, toka, ndoo. Baba mkubwa akachungulia dirishani.

"Dotto, unamwagilia bustani gani na sisi hatuna bustani?"

"Napoza ua, Baba mkubwa. Vumbi."

"Hebu tulia, unatuletea upepo."

Ziwa tunaliona kutoka kwetu, kubwa lile, lakini bombani maji yalikuwa yanatoka yanapotaka, na siku hiyo hayakutaka. Tulikuwa na pipa moja la kupikia na kunawa. Mama alipotoka jikoni kuchota maji ya wali akajikuta anachungulia ndani ya pipa kama anayemtafuta mtoto kisimani.

"Dotto! Maji yameenda wapi?"

Nilimwonyesha gari, likiwa nusu limelowa nusu limekauka. Mama akatazama nusu hii, akatazama nusu ile, akaweka mikono kichwani. Dirishani nikaona pazia limesogea, jicho la Kulwa. Aliangalia gari, akaniangalia mimi, pazia likarudi.

Hapo nikapoteza akili iliyobaki. Nikawaza, kinachofanana na maji lakini hakikauki ni nini? Mafuta. Ya kupikia yalikuwa kidogo. Kibuyu cha samli kilikuwa kimejaa.

Nililipaka gari lote samli. Kwa kiganja, kwa upendo, kama unavyompaka mtoto kabla ya kumpeleka kliniki. Na duara zilipotea kweli, mnicheke lakini zilipotea, gari liking'aa na kunukia kama jikoni kwa bibi harusi. Mbwa wa jirani alikuwa wa kwanza kuja kulamba gurudumu. Nikamfukuza. Nikamwambia mama, "Umeona?" Mama akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza tu."

Kisha upepo ukageuka ukatoka ziwani.

Waliokaa Mwanza wanajua. Lile wingu la wadudu linainuka juu ya maji kama moshi, siku nyingine linapita mbali, siku nyingine linakuja nchi kavu na ukifungua mdomo unameza. Siku ile lilikuja Kirumba, likapita juu ya ua wetu, na kila mdudu aliyegusa gari hakuondoka. Walinata. Wakaja na wengine wakanata juu ya wale. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai gari la bluu likawa la kijivu, lina manyoya, na manyoya yanatikisika. Kuku wa mama, ambao kwa mdudu wa ziwani huwa hawana dini, wakaruka juu: wawili kwenye boneti, jogoo kwenye paa, wanadonoa na kuchakura kwa kucha zote.

Na wakati huo huo ndani, baba mkubwa alikuwa anawatoza wageni faini ya mwisho: wamekuja kuomba mke bila buni za kutafuna, desturi ya kwao wenyewe. Ta Kyaruzi akasema, "Hapana mzee, hapo umetuonea. Buni zipo garini." Akainuka kwenda kuzichukua, na kwa kuwa baba mkubwa hakuamini, wote wakamfuata.

Mzee akasimama mlangoni. Akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Gari langu liko wapi?"

Jogoo akawika pale pale juu ya paa.

Alitembea taratibu mpaka kwenye boneti. Kuku wakapisha. Akapitisha kidole, akakinusa.

"Hii ni samli?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo." (Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Mara mbili.)

"Marahaba. Samli ya nini?"

"Ilikuwa... ilikuwa ya kuwapa ninyi."

"Aa. Basi tumeipokea."

Barazani kwa Mama Sele mtu alicheka akajiziba mdomo. Ta Kyaruzi akatoa leso, akafuta sehemu ndogo, akainama, akaziona duara. Alikaa ameinama muda mrefu mno.

"Ulisugulia nini?"

"Mchanga, baba."

"Mchanga!"

"Niliuchekecha."

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema vile. Nilitaka ajue sikufanya kizembe.

Shangazi ndiye aliyefuata, kwa sauti ya chini tu, akiwaambia wale wazee wawili lakini sote tulisikia: "Nyumba inayosugua gari kwa mchanga, mashati ya mtoto wetu itayafanya nini? Nilisema. Tuombe ruhusa twende." Na akaanza kujifunga khanga yake vizuri, ya kusafiria.

Sababu moja. Nilikuwa nimempa, tena yenye mabawa.

Baba mkubwa, yule wa faini, alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Ta Kyaruzi akamgeukia. "Mzee mwenzangu, dakika tano ulitutoza. Kikohozi ulitutoza. Sasa kosa hili ni la upande gani?"

"La kwetu," baba mkubwa akasema, sauti kama ya mwanafunzi.

"Faini yangu ni hii. Huyu binti alioshe tena, hapa, sasa, kama nitakavyomwelekeza. Mwalimu hastaafu. Leteni kiti."

Kiti kikaletwa. Maji hayakuwepo, basi Mama Sele akatoka na ndoo yake kichwani, na mwenzake nyuma, na mwingine, kila mwenye ndoo moja amelipia kiti cha mbele. Wakajaa ua mzima. Nikavua kandambili, machozi yananitoka, na mzee akaanza somo.

"Kwanza lisukumeni kivulini, gari haliogeshwi juani. Kulia utalia baadaye. Sasa mwaga maji tu, mengi, kutoka juu. Usiguse! Vumbi ni mchanga, mwanangu, ukilisugua likiwa kavu umeshachukua kisu. Liache lishuke lenyewe."

Nilinyoosha mkono kuchukua kitambaa na mkono ukawa unatetemeka, nikakiangusha kwenye mchanga. Mkono mwingine ukakiokota, ukakikung'uta, ukakitupa pembeni, ukachukua kingine kisafi. Kulwa. Alikuwa ametoka nje, mwali aliyekuwa haruhusiwi kuonekana, amevaa gauni lake la kutambulishwa, kitenge amekikaza kiunoni, miguu peku kwenye tope. Ua wote ukasema "Hee!" Mama alijaribu kumrudisha kwa macho. Hakurudi. Hakunitazama pia. Alichovya kitambaa na kusema kwa hasira, "Wewe suuza, mimi napaka sabuni. Ukigusa kopo lile nakumaliza."

"Ndoo mbili," Ta Kyaruzi akaendelea kana kwamba hajaona kitu, "moja ya sabuni laini, moja ya kusuuza kitambaa. Anzeni paa, magurudumu mwisho. Usizungushe mkono, Dotto, vuta moja kwa moja. Wadudu hawasuguliwi, wawekee kitambaa cha maji ya moto, walainike, watatoka kwa hiari. Kila mtu hutoka kwa hiari akilainishwa."

Tukaosha. Samli inatoka pole pole jamani, na watu wazima wamekaa wanatazama. Tulipofika kwenye boneti nikashindwa, zile duara zilikuwa zinanitazama, nikamwambia Kulwa kwa sauti ya chini, "Nimekuharibia." Akasema, "Umeniharibia. Inua mkono, maji yanaingia kwenye taa."

Shangazi alikuwa hajaondoka. Alikuwa amesogea karibu, macho yake yale ya mkaguzi yamemshika Kulwa kutoka kwenye tope mpaka kichwani.

"Wewe ndiye?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Hujaitwa. Mbona umetoka?"

Kulwa akafuta jasho kwa kiwiko. "Huyu akitetemeka hivi atavunja na kioo, shangazi. Na mimi sina mwingine."

Shangazi akafungua ile khanga aliyojifunga ya safari, akaikunja, akaniwekea mkononi. "Kausheni kwa hii. Ni pamba, laini. Gandamiza, usisugue." Akamgeukia Ta Kyaruzi akamwambia jambo kwa Kihaya, refu, na mzee akafungua kitabu chake cha faini.

"Mwali ametoka bila kuitwa," akamwambia baba mkubwa. "Hiyo faini ya nani?"

"Hiyo," baba mkubwa akasema, akiwa amepata tena pumzi, "tugawane."

Wakarudi ndani wakicheka, buni zikatafunwa, na kabla ya jioni tarehe ya kutangazwa kanisani ilikuwa imeshazungumzwa.

Duara hazikutoka. Fundi alizipunguza tu. Mzee alilileta gari hilo hilo kwenye harusi, limefungwa riboni, na watu waliouliza aliwaambia ni michoro ya Kisukuma. Nami nilijifunza kuosha gari kwa mikono bila kulichubua, naweza kuwafundisha hapa hapa, ila la kuosha la mtu bila kuombwa, hilo niliapa mbele ya padri kuliacha, pembeni kidogo ya viapo vyao.

Na kiapo kilijaribiwa mapema. Kulwa na Deo walipokuwa wanaondoka kwenda kwao Deo, wameshakaa nyuma, vigelegele vimejaa, ndege mmoja akapita juu akaachia mzigo wake katikati ya boneti, mweupe, mkubwa, juu ya ile bluu. Nilikuwa na leso mkononi. Nilikiona kile kitu. Nikakiacha. Kikaenda Bukoba.